Hoteli ameisahau, dereva anamkumbuka kwa jina

Mwuguzi mmoja wa Tanga, anayefanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee kaskazini mwa Uingereza, ameniandikia hivi:

"Shikamoo mzee. Hapa kazini nina bibi wa miaka 90. Alichokula asubuhi hakikumbuki, lakini akishika picha moja ya zamani, ya watu waliosimama mbele ya basi, anaanza kusimulia likizo ya wiki nzima ndani ya basi, mwaka 1953. Basi lina pua mbele, paa limejipinda, na dereva amevaa koti jeupe. Hoteli ameisahau, miji inamchanganya, lakini dereva anamtaja kwa jina na anajua hata alivyochana nywele. Kwetu basi ni la kukufikisha, si la kupumzikia. Hii ilikuwa likizo gani? Na kwa nini dereva ndiye aliyebaki kichwani mwake?"

Marahaba mwanangu. Swali lako limenigusa. Watu walionifundisha kuendesha mabasi ya watalii huku, mwishoni mwa miaka ya 80, walikuwa wanaume wa rika la dereva wa bibi yako au wadogo zake kidogo. Wengine walikuwa wamebakiza miezi wastaafu. Mengi ninayokuambia hapa niliyasikia kwao tukingoja abiria wamalize chai, na mengine nimeyasoma baadaye kwa mapenzi tu.

Tuanze na hiyo likizo. Sheria iliyofungua njia ya likizo yenye malipo ilipitishwa Uingereza mwaka 1938. Kabla ya hapo wafanyakazi wengi wa viwandani wakipumzika wiki, wiki hiyo hawana mshahara. Mwaka uliofuata vita vikaanza, kwa hiyo watu walipewa haki wakakaa nayo miaka sita bila kuionja. Vita vilipokwisha, fukwe nyingi zilikuwa bado na seng'enge, na kila mtu ana hamu ya bahari. Gari la nyumbani lilikuwa la wachache: hata mwaka 1951 ni kama familia moja tu kati ya saba iliyokuwa nalo. Mwenye nalo naye alipimiwa petroli kwa kuponi hadi mgawo ulipofutwa tarehe 26 Mei 1950. Treni zilikuwepo, tena nyingi, lakini treni ikishakushusha stesheni na masanduku yako imemalizana na wewe. Basi lilikuchukua karibu na kwako, likakufikisha mlangoni mwa nyumba ya wageni, na kesho yake asubuhi likawa pale pale likikungoja.

Kama bibi yako ni mtoto wa miji ya pamba ya Lancashire, kuna jambo jingine. Huko kila mji ulikuwa na wiki yake ya kiangazi ambayo viwanda vyote vilifungwa kwa pamoja. Oldham na wiki yake, Bolton na yake, Blackburn na yake. Mabomba yanaacha kutoa moshi, mtaa mzima unafunga virago. Kwa hiyo ndani ya basi hukukutana na wageni. Ulimkuta mwenzako wa mashine ya pili, jirani mnayegawana ukuta, na shangazi yake ambaye hamsemeshani tangu Krismasi. Kumbuka hilo, maana ndilo lililomwangukia dereva.

Sasa picha. Basi lenye pua ya namna hiyo na paa lililojipinda, kwa mwaka huo, mimi naweka dau kwamba ni Bedford OB. Wazee wetu jina la Bedford wanalijua vizuri, maana malori na mabasi yake yalikula vumbi la Kenya na Tanganyika miaka hiyo hiyo. OB ilitoka mwaka 1939, vita vikaisimamisha, ikarudi 1945 na kuendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 50. Zilitengenezwa 12,766. Nyingi zilivalishwa bodi na Duple wa Hendon, London, bodi waliyoiita Vista, yenye siti 29. Mabasi ya vita, yaliyotangulia, yalikuwa na viti vya mbao tupu kama benchi za shule. Mtu aliyekalia mbao miaka yote ile, halafu akaingia kwenye Vista yenye viti vya kitambaa laini na paa linalofunguka kuingiza jua, alijiona kweli yuko likizoni kabla hata gari halijawashwa.

Ishike hiyo namba 29. Dereva mwenye abiria 29 huwa ameyajua majina yote kabla ya chai ya siku ya pili.

Namba nyingine ni 30. Hadi mwaka 1961 basi la abiria huku halikuruhusiwa kuzidi maili 30 kwa saa, yaani kilomita 48. Kutoka Leeds hadi Torquay, pwani ya Devon, ni karibu kilomita 480. Piga hesabu mwenyewe: saa kumi, kama husimami hata mtu achimbe dawa. Barabara ya kwanza ya kasi isiyo na makutano, ile inayoikwepa Preston, ilifunguliwa Desemba 1958. Kabla yake kila mji ulio njiani mliupita katikati, sokoni, nyuma ya gari la maziwa. Sheria ya mwaka 1930 nayo ilimkataza dereva kushika usukani zaidi ya saa tano na nusu mfululizo, au saa 11 ndani ya siku moja, kwa hiyo ziara nyingi za mbali zililala njiani. Watu wale walikaa wakiangalia kisogo cha mtu mmoja wiki nzima. Bibi yako anajua nywele zile zilivyochanwa kwa sababu alizitazama zaidi kuliko alivyoitazama bahari.

Kuna jambo moja ambalo hata wapenzi wa mabasi ya zamani hulipita haraka, na mimi naona ndilo lenye jibu: mahali dereva alipokaa. Mabasi mengi makubwa ya wakati huo, AEC Regal na Leyland Tiger, yalikuwa na injini mbele, na dereva alikaa peke yake kwenye kijumba chembamba ubavuni mwa injini, na kioo nyuma ya kichwa chake. Abiria hawamsikii, naye hawasikii. Huyo alikuwa mwendeshaji tu. Kwenye OB injini imetangulia puani, na dereva yumo ndani pamoja na watu. Ukimwuliza swali anajibu kwa kugeuza shingo kidogo. Kuanzia mwaka 1950 mabasi makubwa nayo yakabadilika: injini ikalazwa chini ya sakafu, kama kwenye Leyland Royal Tiger, na sheria ikaruhusu urefu wa futi 30. Hapo ndipo Burlingham wa Blackpool walipotoa bodi yao maarufu ya Seagull, yenye mbavu za mviringo, ambayo mpaka leo naiona kuwa basi zuri kuliko yote yaliyowahi kupita barabara za nchi hii. Dereva akawa chumba kimoja na abiria wake, akapewa kipaza sauti. Tangu siku hiyo hakuna aliyemlipa kwa kuendesha tu.

Tazama sasa alichobeba. Hakuna konda wala utingo. Masanduku anapanga yeye kwenye buti, na lazima ajue nani analala hoteli gani ili la mtu wa kwanza kushuka lisiwe chini ya yote. Basi halina choo, kwa hiyo kichwani ana ramani ya vyoo vyote kati ya kwao na Scotland, pamoja na saa vinapofungwa. Anajua mkahawa upi unaweza kuwapa watu 29 chai kwa nusu saa bila kuwaunguza, na mwenye mkahawa naye anajua kwamba sahani ya dereva hailipiwi. Anajua nani anatapika kwenye kona, amweke mbele. Na siti za mbele ndizo vita vyenyewe. Kampuni nyingine ziligawa siti kwa namba na kumalizana, nyingine zilihamisha watu kila siku ili kila mmoja apate zamu ya kioo cha mbele. Mzee mmoja aliyenifundisha kazi aliniambia kwamba kuendesha alijifunza kwa miezi mitatu, lakini kuwagawia watu siti bila mtu kununa hadi Jumamosi kulimchukua miaka kumi.

Halafu kuna milima, na hapo dereva aliaminiwa kwa roho za watu. Anayeijua Kitonga au Sekenke hahitaji maelezo marefu. Mlima wa Porlock, huko Somerset, unapanda futi moja kwa kila futi nne. Scotland, kwenye barabara ya Glenshee, palikuwa na kona mbili za kujikunja walizoziita Kiwiko cha Shetani, kali kiasi kwamba abiria walishushwa wapande kwa miguu ili gari liwe jepesi. Fikiria wasichana wa kiwandani na viatu vyao vya likizo, wanapanda mlima wakicheka, na dereva peke yake ndani ya basi tupu anapanda polepole kando yao. Kona hizo zimeshakwepwa na barabara mpya, lakini ile ya zamani bado inaonekana ubavuni.

Miaka michache iliyopita rafiki yangu mwenye OB iliyohifadhiwa aliniachia usukani kwenye mlima mmoja wa Yorkshire. Giaboksi yake inalia mlio mwembamba wa kuimba ambao ukiusikia mara moja hutausahau, na haikusaidii chochote. Ukitaka kushuka gia unakanyaga klachi, unatoa gia, unaachia klachi, unapiga mafuta kidogo mpaka mlio wa injini ulingane na mwendo wa magurudumu, unakanyaga tena, ndipo unaingiza. Sikio ndilo linalokuambia sasa, si mguu. Mara ya kwanza nilichelewa. Meno yakasaga, gia ikakataa, na kwa sekunde mbili nikawa fri kwenye mteremko, na nyuma yangu watu waliokuwa wakiongea wote wakanyamaza. Mara ya pili iliingia. Nilipofika chini viganja vilikuwa vimelowa. Mimi nilikuwa na abiria watano na mteremko mmoja. Wale walifanya hivyo na watu 29, mvua inanyesha, mara 20 kwa siku, huku wakisimulia historia ya kanisa linaloonekana kushoto.

Kanuni yao ilikuwa ile ile wanayofundishwa madereva wetu: gia uliyopandia ndiyo utakayoshukia. Breki za ngoma zikikanyagwa mfululizo hupata moto, na zikipata moto hazishiki. Ukiachia fri kwa kubana mafuta, umeuza maisha ya watu. Lakini hata dereva makini hawezi kuziba uzembe wa gereji. Tarehe 27 Mei 1975, karibu na kijiji cha Hebden, Yorkshire, basi lililowabeba wanawake wastaafu wa Thornaby lilikosa breki kwenye mteremko, likavunja ukingo wa Dibbles Bridge na kuangukia chini. Walikufa watu 33, dereva akiwa mmoja wao. Breki zilikutwa mbovu kwa kukosa matengenezo. Kila nikipita pale napunguza mwendo, na siwezi kupita bila kuwataja moyoni.

Umeniuliza pia, kwa maneno mengine, walikuwa watu gani. Wengi walijifunza malori jeshini. Bedford peke yake ilitengeneza malori kama 250,000 wakati wa vita, na kila lori lilitaka dereva. Wakarudi nyumbani wakijua kushika usukani usiku bila taa na kufungua injini kwenye tope. Wapo waliotia kiinua mgongo chao cha jeshi kwenye basi moja, mke akakata tiketi sebuleni, mume akaendesha na kuosha. Haikuwa rahisi. Kila ziara ilitaka leseni yake: unaanzia wapi, unakwenda wapi, na magari mangapi. Mwenye basi mwenzako, na hata shirika la reli, waliweza kusimama mbele ya makamishna waliotoa leseni wakapinga. Ndiyo maana kampuni iliyopata leseni ya mji wake iliilinda kama shamba la urithi, na ndiyo maana bibi yako huenda alisafiri na kampuni ile ile, na dereva yule yule, miaka mitano mfululizo. Mfumo huo uliondolewa mwaka 1980.

Wanawake walijaa kwenye siti na walikuwa wachache mno kwenye usukani. Na watu wa rangi yetu? Bristol, mwaka 1963, Bristol Omnibus Company ilikuwa bado inakataa kuwaajiri weusi na Waasia kwenye mabasi yake ya mjini, mpaka vijana wa Karibi, wakiwa na msemaji wao Paul Stephenson, walipoitisha kususia mabasi, na marufuku ikaondolewa tarehe 28 Agosti mwaka huo. Kama basi la mjini lilikuwa hivyo, nadhani unaweza kukisia habari ya basi la likizo, ambako dereva analala hoteli moja na abiria na kula nao. Nalisema hili kwa sababu nawaheshimu sana madereva wale, na heshima hiyo hainifanyi nisahau nani hakupewa nafasi ya kuwa kama wao.

Mshahara haukuwa mkubwa. Kilichojaza pengo ni kofia. Siku ya mwisho, kama saa moja kabla ya kufika, abiria mmoja, mara nyingi mama mwenye sauti, alichukua kofia na kuipitisha siti hadi siti. Dereva hakuiomba na hakugeuka kutazama. Aliangalia barabara kana kwamba haoni kitu kwenye kioo. Bakshishi hiyo ilikuwa hukumu ya wiki nzima. Wazee walioniambia habari hizi walikumbuka kofia zao kama mwalimu anavyokumbuka matokeo ya mtihani: mwaka ule, mji ule, ilikuwa nzito hivi.

Waliopanda ngazi zaidi walipewa ziara za Ulaya. Wallace Arnold wa Leeds, jina lililounganishwa kutoka majina ya kwanza ya waanzilishi wawili, Wallace Cunningham na Arnold Crowe, ilikuwa miongoni mwa kampuni kubwa za kazi hiyo. Hadi bandari ya magari ya Dover ilipofunguliwa mwaka 1953, gari la kuvuka mara nyingi lilikuwa likining'inizwa kwa krini na kuteremshwa melini. Ukishavuka unaendesha upande usio wako, mlango wa abiria ukifungukia katikati ya barabara, hadi kwenye milima ya Alps. Pasi ya Stelvio, Italia, ina kona 48 za kujikunja upande mmoja tu. Hiyo nitaiandikia siku nyingine, inataka nafasi yake.

Kilichomaliza ulimwengu wa bibi yako hakikuwa kimoja. Watu walinunua magari, ndege za bei nafuu zikawapeleka Hispania. Lakini mimi naanzia mwaka 1961. Mwaka huo mwendo ulipandishwa hadi maili 40, na urefu wa basi ukaruhusiwa kufika futi 36. Siti zikafika 50 na kuzidi. Ni vizuri kwa mwenye kampuni, na mimi mwenyewe nimelishwa na mabasi hayo. Ila watu 50 huwezi kuwajua majina kabla ya chai ya siku ya pili. Nimejaribu misimu yote niliyofanya kazi. Nilifika 30, mara chache 35, na waliobaki niliwaita "mama" na "bwana" hadi wanashuka.

Sasa nenda na maswali haya, ukimkuta ametulia. Usimwulize walikwenda wapi. Umeshaona kwamba hapo ndipo anapopotea, na kupotea kunamwumiza. Mwulize alikaa siti ya ngapi na nani alikuwa dirishani. Mwulize kama walihamishwa siti. Mwulize kama aliwahi kushushwa mlimani apande kwa miguu, na viatu gani alivaa. Mwulize nani alipitisha kofia. Mwulize mlio wa gari, na ukiweza mwache auige.

Kisha chukua kioo cha kukuzia utazame koti la dereva. Kifuani panapaswa kuwa na beji ya duara, yenye ukingo mwekundu kama picha ingekuwa ya rangi. Ya konda ilikuwa kijani. Herufi zake zinaonyesha eneo lililompa leseni. Geuza picha pia. Picha za namna hiyo zilipigwa na wapiga picha waliokuwa wakiyangoja mabasi yanapoondoka, wakaziuza kwa abiria, na wengi walipiga muhuri nyuma: jina la duka na mji. Ukiukuta muhuri huo niandikie mji tu. Na lile jina la dereva analolitaja, liandike nyuma ya picha kwa penseli, pembeni, siyo kwa kalamu ya wino, maana wino utapenya hadi kwenye sura zao.